Nyaraka Zako Ziko Wapi? Kwa Mnaoanza Kutafuta Fedha za Utafiti wa Historia

Kila ikifika Oktoba, wanafunzi wa uzamili na uzamivu huanza kunifuata na swali moja: "Mwalimu, fedha za utafiti zinapatikana wapi?" Wengine hunishika koridoni, wengine kwenye foleni ya wali maharage. Mmoja alinibana ndani ya daladala ya Mwenge, nimesimama na mfuko wa samaki mkononi, akataka nimtajie majina matatu kabla sijashuka. Zamani nilikuwa nataja. Siku hizi namrudishia mtu swali: nyaraka zako ziko wapi?

Wengi huona ninakwepa. Sikwepi. Mwenzako wa kilimo anatafuta mfadhili anayependa mahindi. Wewe wa historia unatafuta mfadhili atakayekubali kumlipia mtu mzima akae miezi miwili chumbani akisoma barua za marehemu, na watu wa namna hiyo ni wachache. Ukijua barua hizo zimelala kabati gani, unaanza kuona ni nani mwenye sababu ya kutaka zisomwe.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu niliandika andiko la kuombea fedha, kurasa kumi na mbili, kuhusu wafanyakazi wa Tanganyika tangu 1900 hadi 1961. Nikalituma sehemu saba, nikibadilisha jina la mfadhili tu pale juu. Sehemu tano hazikujibu. Mbili zilinishukuru kwa kuonyesha nia. Nikaenda kwa msimamizi wangu nikilalamika kwamba fedha hutolewa kwa kujuana. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kijana, wewe umeomba nauli ya kuizunguka nchi nzima kwa miaka sitini. Nenda Upanga ukakae wiki mbili. Usiandike andiko. Niletee namba za majalada."

Upanga alimaanisha Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni. Nilienda na barua ya utambulisho, penseli mbili na hasira. Nikaanza kuagiza majalada ya kazi na ya bandari, na siku ya nne au ya tano nikakwama kwenye mgomo wa makuli wa Septemba 1947, ule ulioanzia bandarini hapa Dar es Salaam ukapanda na reli hadi bara. Makuli walikuwa wamegoma kabla, mwaka 1939, na chama chao kilivunjwa 1950 baada ya mgomo mwingine ulioishia kwenye ghasia. Hayo yote yalikwishaandikwa na walionitangulia. Kilichonishika mimi kilikuwa kidogo zaidi: barua moja ndani ya jalada ilitaja taarifa iliyopelekwa London, na taarifa yenyewe haikuwemo. Nikapekua jalada lililofuata, haimo. Nikamuuliza mtunza nyaraka, akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi, akaniambia barua za serikali ya Tanganyika kwenda Wizara ya Makoloni nikazitafute Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mfululizo uitwao CO 691.

Pengo lile ndilo lililonipa fedha. Andiko langu la pili lilikuwa na kurasa nne. Lilisema: nimesoma majalada haya na haya Dar es Salaam, yanaishia hapa, sehemu ya pili ya mazungumzo iko Kew, naomba wiki nne. Waliolisoma walimwona mtu ambaye ameshaanza kazi kwa nauli yake mwenyewe na amekwama mahali panapoeleweka. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mtafiti wa historia kilichomo mkononi ni namba ya jalada.

Kwa hiyo chora ramani ya nyaraka zako kabla ya kufungua tovuti ya mfadhili yeyote. Kama mada yako ni ya enzi ya Mjerumani, sehemu ya majalada iko papo hapo Upanga, na sehemu kubwa nyingine iko Berlin, kwenye mafaili ya wizara ya makoloni yenye alama R 1001. Hapo DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, wamekuwa na fedha za ziara fupi za utafiti Ujerumani, za mwezi mmoja hadi sita, na pale Düsseldorf kuna Gerda Henkel Stiftung, taasisi iliyoanzishwa 1976 ambayo kazi yake hasa ni taaluma za historia, nayo haikuulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Ila kuna mtego. Sehemu kubwa ya R 1001 imeshapigwa picha na inasomeka bure kwenye intaneti. Ukiomba miezi mitatu Berlin kusoma mafaili ambayo mjumbe wa kamati anaweza kuyafungua jikoni kwake, umejimaliza. Omba yale ambayo hayajawekwa mtandaoni. Au sema wazi kwamba mafaili utayasoma ukiwa hapa Dar, na unachoomba ni fedha za kujifunza mwandiko wa Kijerumani cha zamani, maana hata Mjerumani wa leo anautazama kama sisi tunavyotazama Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ombi la namna hiyo ni dogo na lina akili, na nimeona likikubaliwa.

Kama nyaraka zako ni za Mwingereza, wengi hukimbilia ufadhili mkubwa wa Jumuiya ya Madola. Ni mzuri, lakini wachache wanajua kwamba ndani yake umo ule wa kugawana: unabaki umesajiliwa uzamivu chuo chako hapa nyumbani na unakwenda chuo cha Uingereza kwa muda usiozidi mwaka. Kwa mtu mwenye familia, au mwajiri asiyempa ruhusa ya miaka mitatu, huo ndio wa kuutazama kwanza. Kumbuka tu kwamba maombi mengine ya Jumuiya ya Madola hupitia kwa taasisi inayopendekeza majina, nayo huweka tarehe yake ya mwisho inayotangulia ile ya London. Ukikariri tarehe ya London peke yake, utafika siku ambayo majina yameshakwenda.

Za wamisionari zimetawanyika, na hapa lazima ujue waliofika kwenu walikuwa nani. Za CMS, Waanglikana wa Uingereza, ziko Birmingham. Za White Fathers, mapadre wa Kikatoliki, ziko Roma. Za wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro huwezi kuzikuta kwa wale wa Berlin waliokuwa kusini. Nimesoma andiko la kijana aliyeomba kwenda Roma kutafuta habari za Walutheri. Andiko lilikuwa na Kiingereza kizuri sana.

Na kama nyaraka zako ni watu, wazee wa Kariakoo, Temeke au Bagamoyo wenye masimulizi vichwani, usianze na wafadhili wakubwa kabisa. Fedha unazohitaji ni nauli, kinasa sauti, vocha za simu na mtu wa kukusaidia kunakili. British Institute in Eastern Africa, iliyoko Nairobi tangu miaka ya 1960, hutoa ruzuku ndogo za namna hiyo, na jirani zao Wafaransa wa IFRA, taasisi yao ya utafiti hapo hapo Nairobi, nao hutoa. Vyuo vyetu pia vina fungu la utafiti la ushindani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kikiwemo, na sijui kwa nini wanafunzi hulipita fungu la ndani wakienda kusimama foleni ya dunia nzima. Tena kwetu kazi hii ina mizizi: mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani walitumwa kusini kuandika masimulizi ya Vita vya Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Watafiti wa leo bado wanayafungua makaratasi yale.

Kuna aina nyingine ambayo watu huisahau: nyaraka ambazo hazimo kwenye hifadhi yoyote. Sanduku la marehemu babu aliyekuwa karani, daftari za chama cha ushirika zinazoliwa na mchwa, vitabu vya msikiti. Kwa hizo upo mpango wa British Library uitwao Endangered Archives Programme, ulioanza 2004. Fedha zake hazilipii kuandika tasnifu. Zinalipia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini kupotea, na sharti mojawapo ni kwamba nyaraka halisi haziondoki nchini. Maombi ni ya awamu mbili, kwanza andiko fupi, ukipita ndipo unaandika refu. Usipoteze muda wa kompyuta kabla hujapata ruhusa ya maandishi kutoka kwa wenye nyaraka. Familia inaweza kukukaribisha chai mwezi mzima, na siku ya kusaini akaja shangazi kutoka Tanga akasema sanduku la baba yake halifunguliwi.

Ukishajua nyaraka ziko wapi, jiulize uko hatua gani. Wafadhili wamegawana safari ya mtafiti vipande vipande kama madereva wa mabasi. Yupo anayekubeba kutoka wazo hadi andiko, yupo wa kukusanya data, yupo anayemtaka aliyekwisha maliza kukusanya na anayehitaji utulivu wa kuandika. Ule ufadhili wa SSRC, baraza la Marekani la utafiti wa sayansi za jamii, kwa wanataaluma wa Afrika ulioanza 2011, na Tanzania ikiwemo, uligawanywa hivyo hivyo: wa kuandaa andiko, wa kufanya utafiti, wa kumalizia. CODESRIA ya Dakar, baraza la Afrika la utafiti wa sayansi za jamii, nayo imekuwa ikitoa ruzuku ndogo kwa wanaoandika tasnifu. Stellenbosch, Afrika Kusini, wana ufadhili uitwao Iso Lomso, maana yake jicho la kesho, na huo ni kwa walioupata uzamivu miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wa uzamili akiomba huko, anaomba nafasi ya kaka yake.

Nimetaja SSRC nikasema "ulioanza", maana mipango huanza na huisha, na hapa naomba mnisikilize. Kuna orodha ya ufadhili inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, sijui nani aliiandika kwanza, kila mwaka inabadilishwa tarehe juu na kutumwa upya. Ndani yake bado umo mpango wa African Humanities wa ACLS, baraza la vyama vya wanataaluma la Marekani. Mpango huo ulianza 2008 kwa nchi tano, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda, ukawabeba wahadhiri wengi wa hapa, na umeshamaliza kutoa ufadhili wake. Mwaka juzi kijana mmoja aliandaa maombi yake kwa wiki tatu ndipo akagundua hakuna pa kuyapakia. Fungua tovuti ya mfadhili mwenyewe, tafuta tangazo la mwaka huu, na usome orodha ya waliopata mwaka jana. Orodha hiyo ni dhahabu. Inakuonyesha mada walizozikubali, ukubwa wa swali wanaoupenda, na pengine jina la Mtanzania unayeweza kumpigia simu. Na yeyote anayekutaka ulipe ada ndipo umwombe fedha, mwache aende zake.

Twende kwenye vibali, maana andiko zuri bila kibali ni sawa na tiketi bila basi. Mtafiti kutoka nje hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama. Wewe mwanafunzi au mhadhiri wa UDSM, Makamu Mkuu wa Chuo amekasimiwa mamlaka ya kukupa kibali kwa niaba ya serikali na COSTECH. Ulizia utaratibu wa chuo chako mapema. Barua hiyo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wa Wilaya, hadi kwa mtendaji wa mtaa ambaye ndiye atakayekupeleka kwa mzee. Kila ngazi ina masijala yake na siku zake za semina. Mimi huweka mwezi mzima kwenye ratiba kwa ajili ya barua tu, na mfadhili hajawahi kunihoji. Aliyewahi kufika huku anaelewa, na asiyewahi anadhani ninajua ninachofanya. Ukivuka kwenda Zanzibar, pale ni utaratibu mwingine na kibali kingine, hata kama nyaraka unazozitaka kwenye hifadhi yao ya Kilimani ni sanduku moja. Na pimeni tarehe za mada zenu: kwa sheria ya nyaraka ya 2002, majalada ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30. Anayetaka kuandika kuhusu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kutumia majalada ya Upanga aeleze kwenye andiko atafanyaje, la sivyo kamati itamuuliza kwa kumnyima.

Kuhusu andiko lenyewe nina mambo machache. Wengi wa watakaolisoma hawajui Kurasini iko upande gani wa bandari. Mmoja atakuwa mtu wa historia ya Ulaya ya kati, mwingine wa fasihi. Aya ya kwanza lazima imshike mtu huyo kwa mtu au tukio, kisha imwonyeshe nini hakijulikani. Usianze na ukoloni barani Afrika. Kila aliyeomba wiki hiyo ameanza hapo. Mimi huandika swali langu kwanza kwa Kiswahili, sentensi mbili, kisha namsomea mtu asiye wa fani. Kwa muda mrefu alikuwa kaka wa steshenari anayenitolea nakala. Nilipomsomea swali la makuli la mwanzo aliniuliza, "Sasa hapo unataka kujua nini?" Nikarudi nyumbani nikaliandika upya. Kiingereza kilikuja baadaye na kilikuja chepesi, kwa sababu nilikuwa najua ninachosema.

Bajeti ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo wengi huiandika usiku wa mwisho. Mjumbe mzoefu huanza kuisoma bajeti kabla ya andiko, kwa sababu uwongo hujificha vibaya kwenye tarakimu. Chukua mfano wa Kew. Mtu anaandika siku 14 za London akidhani amepata siku 14 za kusoma. Kew hufunga Jumapili na Jumatatu. Zimebaki siku kumi, na sehemu ya siku ya kwanza utaitumia kutengeneza kadi ya msomaji. Kadi ni bure, na kupiga picha nyaraka kwa kamera yako ni bure pia, lakini watataka uthibitisho wa jina na wa anwani ya makazi. Wewe umepanga chumba Sinza, luku iko kwa jina la mwenye nyumba, bili ya maji vivyo hivyo. Beba taarifa ya benki yenye anwani, na tengeneza mambo hayo ukiwa bado Dar. Kisha weka bima, ada ya viza, nauli ya kila siku kutoka unapolala hadi Kew, na chakula cha mtu anayekula, siyo cha mtu anayefunga. Kuna dhana kwamba bajeti ndogo inapendeza. Bajeti ndogo kupita kiasi inamwambia mfadhili hujawahi kufika unakokwenda.

Huku nyumbani tarakimu zinazosahaulika ni nyingine. Saa moja ya mazungumzo na mzee hula saa tano au sita za kunakili, zaidi kama mzee anachanganya Kizaramo na Kiswahili na jirani anasaga mahindi ukutani. Ukiwa na mahojiano thelathini ya saa moja na nusu, piga hesabu mwenyewe, halafu amua kama utanakili peke yako au utamlipa mtu. Weka diski ya kutunzia na nakala ya akiba. Weka ahsante ya wazee, na uiandike kwa jina ambalo mfadhili analielewa. Kilo mbili za sukari ni heshima, wala usione haya kuziingiza, lakini uliza kwanza kama sheria zao zinaruhusu. Ulizia pia kuhusu risiti. Daladala haitoi risiti, bodaboda haitoi, mama aliyekupikia wiki nzima Kilwa hana mashine. Wafadhili wengi hukubali karatasi ya malipo iliyosainiwa na aliyelipwa, na tarehe na kiasi. Mimi natembea na kitabu chake begani kama konda. Mradi wangu wa kwanza sikuwa nacho, na nilipotakiwa kurudisha hesabu nilitumia jioni mbili kukumbuka nauli za miezi mitatu. Sehemu nyingine nililipa mwenyewe.

Barua za mapendekezo. Usimkimbilie profesa mwenye jina kubwa ambaye hakumbuki uso wako. Barua yake itasema wewe ni mwanafunzi mwenye bidii, na kila mtu ni mwenye bidii. Mtafute aliyesoma sura yako akaichafua kwa kalamu nyekundu. Mpe wiki sita. Mpe andiko, tangazo la mfadhili, na ukurasa mmoja unaomkumbusha ulifanya nini naye mwaka gani. Kisha mkumbushe kwa adabu wiki mbili kabla, na siku tatu kabla. "Shikamoo Profesa, nilikuwa napita tu kukujulia hali" ni ujumbe unaoeleweka na pande zote mbili. Ombi langu moja lilianguka kwa sababu barua ya mwalimu mmoja haikufika. Aliniambia aliituma. Huenda kweli. Tangu hapo kama wanataka barua mbili, naomba watu watatu.

Saa. Hapa nimepigwa, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo. Tangazo liliandika mwisho ni saa 12:00 p.m. ya London. Nikasoma usiku wa manane. Kumbe p.m. ya kumi na mbili ni adhuhuri, saa sita mchana yao, na kwa majira yale ya baridi ni saa tisa alasiri yetu. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa bado nasahihisha tanbihi nikijiona nina muda wa kula, kumbe dirisha limefungwa saa tatu zilizopita. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuna kazi ya ziada: andika tarehe ya mwisho kwa saa ya Kiswahili, kwa mkono, ubandike ukutani. Usiku wa manane wa New York huangukia asubuhi yetu ya siku inayofuata, saa moja au saa mbili kutegemea majira yao, na hiyo inakupa usiku mmoja wa bure. Usiutumie. Tanesco na mtandao hawasomi matangazo ya ufadhili.

Fedha zikitoka, furaha ni ya siku moja, kisha inakuja benki. Hakikisha jina la pasipoti, la vyeti na la akaunti yanalingana herufi kwa herufi. Langu lilikuwa matatu kwenye pasipoti na mawili benki. Fedha zilifika, zikakaa, zikarudi zilikotoka, na kila benki njiani ikakata chake. Kama mfadhili anataka zipitie chuoni, uliza mapema chuo kinakata asilimia ngapi na zinachukua muda gani kukufikia, kisha uliweke hilo kwenye bajeti na kwenye ratiba. Wengine hulipa baada ya safari, ukileta risiti. Huo si ufadhili kwa mtu asiye na akiba, na hakuna aibu kuwaandikia mapema na kuomba sehemu itangulie. Nimewahi kuomba hivyo mara mbili. Mmoja alikataa, mmoja akatuma nusu.

Ukinyimwa, na utanyimwa, omba maoni ya waliosoma. Wengine hawatoi, wengine hutoa aya mbili zinazouma. Ziweke kando wiki moja, kisha uzisome kama unavyosoma jalada: nani anaandika, anajua nini, hajui nini. Niliambiwa mara moja kwamba sikuonyesha kwa nini makuli wa Dar es Salaam ni muhimu kwa mtu wa Mombasa, ambako walikuwa wamegoma mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1947. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Swali la Mombasa sasa ni sura nzima.

Kifungu cha mwisho kwenye bajeti yangu siku hizi huwa cha kurudisha. Mzee mmoja wa Temeke, mtoto wa kuli, nilikaa naye alasiri nne. Siku ya mwisho aliniuliza maneno yake yatakaa wapi. Nikamwambia chuoni. Akasema, "Na hapa?" Sikuwa nimepanga chochote. Nikachapisha mazungumzo yake kwa fedha zangu, nikajalidi kwa yule yule kaka wa steshenari, nikampelekea Jumamosi moja. Alikuwa haoni vizuri, akamkabidhi mjukuu wake aliyekuwa kidato cha pili, akamwambia aanze ukurasa wa kwanza na asome kwa sauti. Kwa hiyo sasa naandika: nakala za wasimulizi, kujalidi, nauli ya kupeleka. Mfadhili wa karibuni aliniandikia kuuliza kama nakala kumi na mbili zinatosha.